Khiyari ya Zamani, Ijara ya Leo



Mjadala wa nyumba za "halali" huku Uingereza hauishi, na mie nimekuwa mzito wa kuuingia kwa sababu kila mara huishia pale pale. Mmoja anasema benki za Kiislamu ni riba iliyovishwa kanzu, mwengine anamjibu kuwa masheikh wakubwa wamezipitisha, wewe ni nani? Kisha kila mtu anarudi alikotoka na lake. Safari hii nataka kupita njia nyengine. Nataka tuuchukue mkataba wa leo, huu ambao watu wetu wanautia saini London, Leicester na Birmingham, tuuweke ubavuni pa mkataba wa zamani ambao babu zetu wa Unguja, Pemba na Oman waliujua vizuri, na ambao uliwatoa wengi wao katika mashamba yao.

Kwa walioko Maskati au Dubai ambao hawajakutana na mambo haya, nieleze kwa ufupi. Mtu anataka nyumba ya pauni 300,000. Mkononi ana 60,000. Akienda benki ya kawaida atakopeshwa 240,000 zilizobaki, atalipa deni na riba yake kwa miaka 25, na nyumba itakuwa rahani. Hii ndiyo mogeji. Akienda benki ya Kiislamu ataambiwa: sisi hatukukopeshi, tunanunua pamoja nawe. Wewe una fungu moja katika matano, sisi tuna manne. Hati ya nyumba inakaa kwa benki, wewe unakaa ndani, unatulipa kodi ya yale mafungu yetu, na kila mwezi unanunua kijisehemu chetu mpaka nyumba yote iwe yako. Wanaiita musharaka ya kupungua, ikiwa na ijara ndani yake. Kwa maandishi ni mkataba mzuri mno. Hakuna mkopo wala riba. Kuna ushirika, kuna kukodi na kuna kuuziana, na yote matatu fiqhi inayajua tangu zama.

Mipango hii haina umri mkubwa. Mwaka 1997 United Bank of Kuwait ilianzisha London mpango ulioitwa Manzil. Kilichowakwamisha sana wakati huo ni ushuru wa stempu: benki ikinunua inalipa, na ikimuuzia mteja unalipwa tena. Gavana wa Benki Kuu wa wakati ule, Eddie George, alilisukuma jambo hili, na sheria ya fedha ya 2003 ikauondoa ule ushuru wa pili. Mwaka huo huo HSBC ikaingia kwa jina la Amanah, na 2004 ikafunguliwa Islamic Bank of Britain, ambayo tangu mwisho wa 2014 inaitwa Al Rayan. HSBC ilitangaza kujitoa katika huduma hizo hapa 2012, lakini nyengine zikaingia. Tangu Aprili 2007 mipango ya namna hii inasimamiwa na mamlaka ya fedha kwa kanuni zinazokaribiana sana na zile za mogeji.

Hapo kwenye ushuru nataka tusimame kidogo, kwa sababu watu huhadithia kana kwamba serikali ya Uingereza imekubali kuwa huu si mkopo. Serikali ilifuata hoja ya kinyume. Ilisema kwa kuwa kwa hali yake halisi jambo hili ni sawa na mkopo wa nyumba, si haki Muislamu atozwe zaidi ya jirani yake. Na sheria ya 2005 ikayapa mapato ya mikataba ya namna hii jina jengine kabisa, kisha ikaamrisha yatozwe kodi kama vile inavyotozwa riba. Mtoza kodi haangalii kanzu, anaangalia mwili. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Ila tusimtolee ushahidi kwa jambo ambalo hakulisema.

Sasa twende Unguja ya karne ya 19. Mwenye shamba la mikarafuu anahitaji fedha. Mavuno bado, au ana harusi, au anataka kupeleka mali bara. Anakwenda kwa tajiri, mara nyingi Mhindi wa Kutch au Gujarat, ingawa matajiri wa Kiarabu nao walikuwamo. HAKOPI. Anamuuzia tajiri shamba lake kwa, tuseme, riale 1,000, kwa bei ya khiyari: muuzaji ana khiyari ya kurudisha zile riale 1,000 na kurejeshewa shamba lake ndani ya muda waliopatana. Baada ya hapo analikodi shamba lile lile kutoka kwa tajiri. Anaendelea kuishi humo na kuvuna, na kila mwaka anatoa kodi. Waraka unaandikwa, mashahidi wanawekwa, na neno riba halitajwi hata mara moja. Fahad Bishara, katika kitabu chake A Sea of Debt kilichotoka 2017, amezipitia nyaraka za namna hii za Oman na Zanzibar, na anaonyesha kuwa hazikuwa mambo ya pembeni. Karafuu, tende na pembe za ndovu zilitembea juu ya migongo ya karatasi hizi. Kitabu hicho nakipendekeza kwa kila mwenye hamu ya mada hii, ijapokuwa lugha yake ni ya wanasheria kidogo.

Maulamaa hawakuwa wamelala. Walikhitilafiana tangu wakati huo. Wapo waliosema mauzo ni mauzo, masharti ya khiyari yanajulikana, na kukodisha mali uliyonunua hakuna ubaya wake. Wapo waliosema kama nia ya wote wawili tangu mwanzo si kuuziana bali ni kupata fedha leo na kurudisha fedha kesho pamoja na nyongeza, basi ile kodi ndiyo riba na shamba ni rahani tu. Hata nje ya kwetu, Mahanafi wa Bukhara walikuwa na bei al-wafaa ambayo ni ndugu yake khasa, nao waligombana juu yake kwa karne nyingi.

Yaliyotokea baadaye mnayajua. Bei ya karafuu ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, kodi na madeni hayakuporomoka pamoja nayo. Wenye mashamba, wakubwa kwa wadogo, walishindwa kukomboa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatoa amri za kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamie mikononi mwa wadai wao, na ikasimamisha madai kwa muda. Tukisimuliana historia hii tumezoea kumtia kiini cha lawama yule tajiri wa Kihindi, na mengi yamesemwa juu yake ambayo si ya haki. Mie nauliza jengine. Katika mkataba ule, mwenye shamba kwa sheria alikuwa nani? Alikuwa tajiri, maana amelinunua. Basi karafuu ilipoanguka na shamba likawa nusu ya thamani yake, hasara ya mwenye mali ilimfika nani? Ilimfika yule aliyekuwa mpangaji. Yeye ndiye aliyetakiwa arudishe riale 1,000 zile zile kwa shamba ambalo sasa ni la 500, na kodi ile ile kwa mavuno ambayo hayauziki.

Hii ndiyo tafauti baina ya kununua na kukopesha, na fiqhi inayo kanuni yake: faida huandamana na dhamana. Anayekula matunda ya kitu ndiye anayebeba hatari yake. Kodi ni halali kwa mwenye nyumba KWA SABABU nyumba ikiungua ni yake, ikishuka bei ni yake. Ukimwondolea hatari zote ukambakishia kodi, umembakishia nini? Fedha inayozaa fedha kwa kupita kwa siku.

Kwa haki, mkataba wa leo si khiyari moja kwa moja, na anayesema ni kitu kimoja hajausoma. Kwanza, mteja wa Leicester hamuuzii benki nyumba yake mwenyewe kisha akaikodi. Nyumba inanunuliwa kutoka kwa mtu wa tatu, kwa hiyo kuna mauzo ya kweli hapo, na ule ubaya wa kuuziana kitu baina ya wawili kwa ajili ya fedha tu haupo. Pili, mteja akishindwa na nyumba ikauzwa, kinachobaki baada ya benki kuchukua chake ni cha mteja. Tajiri wa khiyari muda ukipita alikuwa na haki ya kubaki na shamba zima, hata kama thamani yake ni mara mbili ya alichotoa. Hii si tafauti ndogo. Tatu, kuna sheria za nchi zinazomlinda mteja asitolewe nje kwa siku moja.

Lakini suala la hasara liko vile vile. Katika mikataba mingi niliyoisoma, na nimeisoma kadhaa kwa sababu watu huniletea niwafasirie kabla ya kutia saini (mie si mwanasheria, ila Kiingereza cha mikataba nimekizoea), mteja anaahidi tangu siku ya kwanza kuyanunua mafungu ya benki kwa bei ile ile iliyotolewa mwanzo. Nyumba ikipanda, hapo mteja anafaidika, na sote tunaifurahia sehemu hiyo. Ikishuka, benki inangojea zile zile 240,000. Matengenezo juu ya mteja. Bima juu yake, ama moja kwa moja ama kwa kuongezwa katika kodi. Nyumba ikiuzwa kwa pungufu, kilichopungua kinadaiwa kwake. Sasa yule mshirika mwenye mafungu manne kati ya matano, ushirika wake uko wapi?

Masheikh wa benki wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema huu ni ushirika wa milki, si ushirika wa biashara. Katika ushirika wa biashara huwezi kumdhaminia mwenzio rasilimali yake, hilo wote wanakubaliana. Ama watu wawili wanaomiliki nyumba pamoja, mmoja anaweza kuahidi kununua sehemu ya mwenzake kwa bei wanayopatana. Vizuri. Lakini AAOIFI, lile shirika la Bahrain linaloweka vipimo vya mabenki haya, katika kipimo chake cha musharaka limekataza kushurutisha kwamba fungu litanunuliwa kwa thamani yake ya awali. Na mwishoni mwa 2007 Mufti Taqi Usmani, ambaye hakuna anayeweza kumwita adui wa benki za Kiislamu, alisema hadharani kuwa sehemu kubwa ya sukuk zilizokuwa sokoni zina kasoro, na kiini cha kasoro hiyo kilikuwa hiki hiki: ahadi ya kumrudishia mwekezaji rasilimali yake kamili kwa sura ya kununua. Mwaka 2008 AAOIFI ikatoa tamko lake juu ya hilo. Sasa kama kwa mwekezaji mkubwa wa Ghuba ni kasoro, kwa dereva wa teksi wa Birmingham inageukaje kuwa sifa?

Kuna hoja ya tende za Khaybar. Mtume (SAW) alimkataza mtu kubadilisha pishi mbili za tende mbovu kwa pishi moja ya nzuri, akamwambia auze zile mbovu kwa fedha kisha fedha hizo anunulie nzuri. Matokeo ni yale yale, njia tafauti. Kwa hiyo, wanasema, njia ina maana, na asitulaumu mtu kwa kupita mlango wa halali hata kama chumba ni kimoja. Naikubali hoja hii mpaka ilipofika. Yule mwenye tende alipokwenda sokoni alikutana na bei ya soko. Pengine tende zake mbovu zingepata zaidi, pengine pungufu, na aliyemuuzia si lazima awe ndiye aliyenunua kwake. Alitoka kwenye mapatano ya watu wawili akaingia katika hatari ya kweli. Katika mkataba wetu hatari hiyo imezibwa kila upande kwa saini kumi na mbili.

Na mnajua lini watu wetu waliihisi? Si darsani. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1 hadi Desemba 2021, na kufikia Agosti 2023 ikawa 5.25. Kodi za mipango hii hupimwa kwa kipimo hicho au mfano wake, zikiwa zimefungwa miaka miwili au mitano kisha zinapimwa upya. Chukueni ule mfano wangu wa mafungu ya pauni 240,000. Kwa asilimia 3 kodi ni pauni 600 kwa mwezi. Kwa asilimia 6 ni 1,200. Familia moja ninayoijua, mume anafanya kazi hospitali usiku na mke skuli mchana, walipokea barua ya mahisabu ya namna hiyo. Kodi za mtaa wao nazo zilipanda, hilo ni kweli, lakini hakuna nyumba pale iliyopanda mara mbili kwa barua moja. Yule bibi aliniuliza suala ambalo sijaliona katika vitabu: "Hii kodi ni ya nyumba yangu au ya Benki Kuu?"

Hoja maarufu hapa ni kuwa kipimo ni kipimo tu. Muuza maji ya matunda akiamua kupata faida sawa na anayoipata muuza ulevi wa jirani, maji yake hayawi ulevi. Sawa. Lakini bei ya maji ya matunda ikipanda kila ulevi unapopanda na kushuka kila ulevi unaposhuka, na matunda yenyewe hayana lolote katika bei hiyo, mnunuzi ana haki ya kunusa kikombe.

Tukienda mahakamani nako mambo hayabadiliki. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya hapa iliamua kesi ya Shamil Bank ya Bahrain na kampuni za Beximco za Bangladesh. Mkataba ulikuwa wa murabaha, kisha ijara, na ulitaja sharia ya Kiislamu pamoja na sheria ya Uingereza. Wadaiwa wakajitetea kuwa kwa kweli ile ilikuwa mikopo ya riba, kwa hiyo ni batili kisharia. Mahakama ikasema mkataba hauwezi kutawaliwa na sheria mbili, itatumika ya Uingereza, na deni lilipwe. Mie hukumu ile naiona sahihi kwa mahakama ile. Kinachonishughulisha ni kwamba mdaiwa ndiye aliyesema "hii ni riba" siku aliyoshindwa kulipa, wala si siku aliyopokea. Mwaka 2017 Dana Gas ya Imarati ilifanya mfano wake kwa sukuk zake yenyewe za dola milioni 700. Kitu kinachoweza kuwa halali siku ya kupokea na haramu siku ya kulipa kina kasoro katika ujenzi wake, tusiwalaumu wadaiwa peke yao.

Upande wa pili kuna fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, ya mwaka 1999, iliyoruhusu mogeji ya kawaida kwa nyumba ya kuishi pale ambapo Muislamu wa Magharibi hana njia nyengine, kwa msingi wa haja inayochukua hukumu ya dharura, na wakaongeza rai ya zamani ya Mahanafi juu ya mikataba katika nchi zisizokuwa za Kiislamu. Ilipingwa vikali, na ile sehemu ya Mahanafi mie mwenyewe siipendi, maana ukiifuata mpaka mwisho wake itakuruhusu mengi. Lakini fatwa hii ina adabu moja ambayo barua za matangazo za benki hazina. Inaiita riba riba. Inamwambia mtu: hili ni haramu, umeruhusiwa kwa kadiri ya haja yako, haja ikiondoka na ruhusa inaondoka. Anayeishi chini ya fatwa hiyo anajua anachokila, na atatafuta njia ya kutoka. Anayeambiwa kuwa kila kitu ni safi hana sababu ya kutafuta.

Na sie wenyewe jamani tuna tabia yetu. Aliyenunua kwa mogeji tunamtazama kwa jicho la pembeni msikitini. Aliyekodi miaka 30 tunamwona mcha Mungu, hali kodi yake kila mwezi imekwenda kulipa mogeji ya mwenye nyumba, riba na yote, na yeye hana kitu cha kuwaachia wanawe. Simshauri mtu achukue riba. Nasema tu kuwa katika nchi hii hakuna pembe ambayo maji hayo hayafiki. Hata Oman, ambako ndugu zetu wengi wamejenga majumba kwa mikopo ya benki, benki ya Kiislamu haikuwapo mpaka Bank Nizwa ilipofungua milango Januari 2013, baada ya ruhusa ya Sultan Qaboos ya 2011. Kenya ilitangulia, 2008, na Tanzania Amana Bank ilianza 2011. Kwa hiyo wanaotuhubiria kutoka huko nao wapunguze sauti kidogo.

Suala la watoto na ada za vyuo nalipita kwa haraka maana linataka makala yake. Tangu ada zilipopandishwa hadi pauni 9,000 mwaka 2012 na mkopo kuwekewa riba juu ya mfumko wa bei, wapo wasichana na wavulana wa Kiislamu walioacha chuo. Serikali ilikusanya maoni 2014, na sheria ya 2017 ikaruhusu mfuko mbadala. Miaka ikapita, wale watoto wakawa watu wazima. Na sie katika miaka hiyo tulichangishana kujenga kuba.

Nije kwenye jambo ambalo linaniuma zaidi kwa sababu liko mikononi mwetu. Watu wa pwani wote tunaujua upatu. Mchezo, kama tunavyouita Unguja. Wasomali wa hapa wanao wa kwao, hagbad. Ni karadha hasana iliyo safi kuliko kitu chochote kilicho na muhuri wa bodi ya sharia, na kwa sababu ni wa mama zetu na haina karatasi, wasomi tunaudharau. Basi nikwambieni jambo. Mwaka 1775 katika mji wa Birmingham mtu mmoja, Richard Ketley, mwenye kilabu cha pombe, alianzisha na wateja wake kile kinachohisabiwa kuwa ushirika wa kwanza wa nyumba Uingereza. Katika ushirika za namna ile kila mtu alitoa mchango wake kwa mwezi, zikitosha nyumba moja basi mmoja wao anapewa zamu yake, mara nyingi kwa kura, na wote wakishapata nyumba ushirika unavunjwa. Huo si upatu? Wanywaji wa Birmingham walicheza mchezo wa nyumba kabla mogeji ya leo haijajulikana.

Kwa nini basi waliuacha? Hapa pana somo la hisabu, na wanaotuambia "turudi kwenye upatu" wasilikimbie. Familia 30, kila moja inatoa pauni 1,000 kwa mwezi, nyumba ni za pauni 250,000. Nyumba ya kwanza inapatikana baada ya miezi minane na kitu. Ya mwisho baada ya miezi 250, karibu miaka 21, na yule wa mwisho muda wote huo analipa kodi kwengine huku bei za nyumba zinapanda. Waingereza nao walichoka na foleni hiyo, wakaanza kupokea fedha za watu wa nje wasiotaka nyumba, na hao wa nje wakataka faida. Kufikia katikati ya karne ya 19 zikaja ushirika za kudumu, riba ikiwa ndani yake. Riba haikuingizwa na shetani usiku. Iliingizwa na watu waliochoka kungoja.

Kwa hiyo suala ni kuifupisha foleni kwa fedha ya nje ambayo inakubali kuwa mwenye nyumba wa kweli. Fedha hiyo ipo. Tuna madaktari, wahandisi, wafanyabiashara ambao akiba zao zimekaa benki bila ya kazi kwa sababu wanaikimbia riba. Mtu wa namna hii anaweza kununua mafungu ya nyumba, akala kodi ya mtaa iliyopimwa na mthamini, na mkaaji akitaka kununua fungu analinunua kwa thamani ya siku hiyo, ikiwa juu au chini. Toronto upo ushirika wa Kiislamu wa nyumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliojaribu njia ya hisa namna hii, na hapa Uingereza zimetokea kampuni chache changa zinazodai kubeba hasara pamoja na mteja. Ni ghali zaidi bei za nyumba zinapopanda, nakiri, maana mwenzio anapanda nawe. Wengi wetu tukiambiwa hivyo tunarudi mbio kwenye mkataba wa bei ya awali. Tunataka mshirika wa hasara na mkopeshaji wa faida.

Ombi langu ni moja. Mwenye mkataba wa mpango huu aufungue pale panapozungumzwa nyumba kuuzwa kwa pungufu ya bei iliyonunuliwa, anakili kifungu hicho, afiche jina lake na la benki, kisha atuletee. Ninavyo sita mpaka sasa. Vitano vinamtwika mteja hasara yote. Cha sita kimeandikwa kwa namna ambayo wanasheria wawili niliowaonyesha wamekisoma kila mmoja kivyake, na ningependa wa tatu akitazame.

Wabillahi tawfiq.